Mabati Nyuma ya Kabati

Ti. Kisha kimya. Kisha ti nyingine, ndani ya beseni.

Umeme ulikatika mara tu mvua ilipoanza jioni, na Delphine alikaa gizani akisikiliza. Hakuhitaji taa. Tone la katikati ya chumba lilidondokea beseni, la mlangoni lilidondokea sufuria. Alikuwa analingoja la tatu. Likaja: kang! Lilidondoka juu ya mabati mapya.

"Mama," Exaucée, bintiye, akaita kitandani, "papa njo anapiga chuma?"

"Hapana, mama yangu. Ni mvua. Lala."

Mtoto akakohoa, akajigeuza.

Mabati yalisimama nyuma ya kabati, yamefungwa bado kwa waya wa dukani. Ruben, mumewe, aliyaleta kwa mkokoteni huku akiwapigia majirani kelele wapishe njia. Mvua ingine itatukuta tunakoroma, alisema. Mvua ingine haikumkuta. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alianguka kutoka ghorofa lililokuwa linajengwa mjini, na mwenye jengo akatuma jeneza na gunia la unga. Hakutuma neno.

Kwa ukoo wa Ruben, watu waliotoka kaskazini enzi za kujenga reli, nyumba ya aliyekufa haiguswi mpaka kilio kifungwe. Hakuna kupanda juu ya paa, hakuna kupigilia msumari, hakuna kupaka ukuta udongo mpya. Marehemu bado yumo, walisema, na mwenye kuiziba nyumba anamfungia ndani. Siku ya kufunga kilio hupangwa na kaka mkubwa. Kaka mkubwa alikuwa Adalbert. Alikuwa ameisogeza mara kadhaa, na sasa masika yalikuwa yamefika katikati.

Delphine hakuwa wa ukoo ule. Babu zake walitoka Kasai, na siku ya ndoa aliambiwa ajifunze desturi za watu. Akajifunza. Alivaa kitambaa cheusi mpaka kikageuka kijivu. Aliamini kabisa kwamba akiwaheshimu sawasawa, siku moja wangemwona naye ni mtu wao.

Asubuhi Mado, jirani wa ng'ambo ya njia, alimsaidia kutoa godoro juani. Upande wake wa chini ulikuwa umeota ukungu mweusi. Nyuma ya kitanda cha mtoto ukuta wa matofali mabichi ulikuwa umevimba, na chokaa ilikuwa ikidondoka vipande vipande.

"Ee, mama Exaucée," Mado akasema, mikono kiunoni. "Ule mufu wako iko wa namna gani? Anapenda bibi yake alowe sawa majani ya sombe mu maji?"

Delphine alicheka bila kutaka. "Nyamaza. Batakusikia."

"Banisikie! Mabati iko mu nyumba, mvua nayo iko mu nyumba. Weye tu njo utalala inje."

Kapya, mwashi wa mtaa, alipitia akielekea kazini. Akabonyeza ukuta kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo.

"Unipe siku moja tu," akasema. "Nipandishe mabati, niegemeze huu ukuta. Siku moja."

"Ngojea kilio kiishe, papa Kapya."

"Miye naweza kungoja." Alijifuta kidole kwenye suruali. "Ukuta njo haitangoja."

Kwa hiyo Delphine akamwacha mtoto kwa Mado, akaenda kwa miguu mpaka katikati ya mji, kwenye ofisi alikofanya kazi Adalbert. Walimkalisha kwenye korido hadi saa ya kula. Adalbert alimpokea akiwa na sahani ya kuku mbele yake, wala hakumwonyesha kiti.

"Shemeji, nilikuya juu ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Nyumba ya Ruben."

"Bon. Sema vile."

"Maji inatumaliza, shemeji. Mutoto anakohoa usiku na muchana. Ukuta itaanguka."

"Tunangojea muyomba Mutale. Yeye njo anafungaka kilio, na yeye iko Kilwa, kule ku ziwa. Ile barabara unaijua. Lori inakwama Kasomeno juma nzima, bantu banalala mu matope." Alivunja mfupa, akaufyonza. "Tumufanye nini, tumubebe ku mugongo?"

"Nilitaka kuomba tu ruhusa ya mabati. Kapya anaweza kuyapandisha pole pole, bila..."

"Delphine." Akajifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja. "Mwanamuke anayefunika nyumba na bwana yake angali ndani, bantu banamuitaka namna gani?"

Neno hilo alilijua: mchawi. Mtaani kwao mwanamke mmoja aliitwa hivyo asubuhi, na jioni nyumba yake ilikuwa majivu.

"Sikusema weye uko vile," Adalbert akaendelea kwa upole. "Miye nakukingaka. Ku mazishi bote balikuwa banakusema, miye nikabanyamazisha. Unajua vile?"

"Najua. Aksanti, shemeji." Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini ku masomo ya mangaribi ya banamuke balitufundisha sheria. Mujane na mutoto, sheria inasema babaki mu nyumba..."

Adalbert alicheka mpaka akakohoa. "Sheria iko ku tribunal kwa bahakimu, belle-sœur. Weye unalala kule?" Na Delphine alipokuwa ameshafika mlangoni akamwita tena. "Uichunge ile nyumba, unasikia? Isianguke. Iko ya ndugu yangu."

Siku chache baadaye, alasiri, anga la upande wa migodi likawa jeusi kama chini ya sufuria. Delphine alisimama mbele ya kabati, akatazama mabati. Alikuwa akiyahesabu makatazo kichwani. Paa. Msumari. Udongo mpya ukutani. Kitanda hakikutajwa.

Akachukua koleo la Ruben, akakata waya. Alipanga matofali pande zote mbili za kitanda cha mtoto, akalaza mabati mawili juu yake, bila msumari hata mmoja. Exaucée aliingia chini akitambaa na mtoto wake wa vitambaa.

"Mama, ni nyumba mu nyumba!"

"Ndiyo. Ukae humo, mama yangu. Usitoke."

Mvua ilipiga. Kwa mara ya kwanza tangu masika kuanza, mtoto hakulowa. Delphine alikuwa anapepea mbabula, jiko la makaa, ili ukuta ukauke walau kidogo, aliposikia mlio kama gunia linatupwa chini. Ukuta haukuyumba. Ulikaa tu, mzima mzima, juu ya kitanda.

Alifukua kwa kucha. Bati moja lilikuwa limejikunja, lakini chini yake kulikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi ile kulikuwa na mguu mdogo uliopiga teke. Akamvuta mtoto kwa kumshika miguu. Mdomo wake ulijaa udongo. Exaucée akautema, akalia, na Delphine akamkumbatia palepale kwenye matope, akimshukuru Mungu, akimshukuru Ruben, akiyashukuru mabati.

Asubuhi Adalbert alifika na vijana wawili na mzee mwenye fimbo. Majirani walijaa uani. Adalbert hakuuliza habari za mtoto. Aliinama, akaokota kipande cha waya.

"Nani alikata hii?"

"Miye, shemeji. Ilikuwa juu ya kukinga mutoto na maji..."

"Munasikia?" Akawageukia watu. "Alijijengea paa yake mu nyumba ya mufu. Alimufungia ndugu yangu ndani! Ukuta ilianguka juu ya nini? Ruben njo alikuwa anatafuta njia ya kutoka!"

Umati uliguna. Mwanamke mmoja aliyenunua makaa kwa Delphine kila siku akamvuta mwanawe nyuma.

Delphine akapiga magoti mbele ya mzee. "Pole na safari, muyomba Mutale. Tulikungojea sana. Barabara ya Kilwa ilikusumbua?"

Mzee akashangaa. "Safari gani, mwanangu? Niko hapa kwa Adalbert tangu mbele ya Noeli. Balinambia weye njo haujakuwa tayari."

"Ee!" Mado akasema peke yake.

"Muyomba, unachoka," Adalbert akasema. "Ukae."

Mzee alimtazama Delphine. Kisha akatazama viatu vyake mwenyewe, viatu vipya vya ngozi, ambavyo bado vilikuwa vinambana. Akakaa.

Kilio kilifungwa palepale. Mzee alinyunyiza unga kizingitini, akalitaja jina la Ruben, akamwambia aende kwa amani. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya kusongea bukari. Mkubwa wa mtaa, aliyeitwa awe shahidi, alipewa chupa ya bia na kiti kivulini. Delphine alipomkaribia akasema hayo ni mambo ya familia, naye haingilii mambo ya familia.

Walimtoa, wakamwachia godoro, sufuria na beseni. Kabati lilikuwa la ukoo. Alipouliza kuhusu mtoto, Adalbert alimtazama Exaucée aliyekuwa anakohoa kwenye kanga.

"Ule anaweza kukufuata," akasema. "Iko na kikohozi."

Kabla ya alasiri Kapya alikuwa juu ya paa na wasaidizi wake. Delphine alikuwa ameketi kwenye barza ya Mado, ng'ambo ya njia, na kila msumari aliusikia. Kang. Kang. Kapya hakugeuza uso upande ule hata mara moja. Bati lililojikunja walilipiga nyundo chini mpaka likanyooka, wakalipandisha nalo, wakalipigilia sehemu ya pembeni, pale kilipokuwa kitanda cha mtoto. Vijana walianza kupanga matofali mapya ukutani. Mke wa Adalbert alifika na viti na mapazia, akampungia Mado mkono.

"Kesho tutaenda kwa bibi mmoja wa ile masomo," Delphine akamwambia Mado. "Anajua avoka mumoja wa sheria."

Mado alikuwa anachambua sombe. Hakuinua kichwa. "Ndiyo," akasema. "Kesho."

Mvua ikaja. Barza ya Mado nayo ilikuwa na tundu, na matone yakaanza kudondoka karibu na godoro. Delphine akanyoosha mkono, akasukuma beseni mahali pake. Ti. Exaucée alikuwa amekaa, kidevu juu ya magoti, akitazama ng'ambo, ambako maji yaliteleza juu ya mabati mapya na kumwagika njiani kwa kishindo.

"Mama," akasema kwa sauti, "nyumba yetu haivuji tena."