Sisimizi wa Chifu Gichuru

Mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa ghafla, tulirudishwa nyumbani kwa sharti moja: kila Ijumaa uripoti kwa chifu wako na utie sahihi kitabuni, ili serikali ijue hujapindua kitu wiki hiyo. Na siku chuo kitakapofunguliwa, atakayerudi ni yule tu mwenye barua ya tabia njema kutoka kwa huyo chifu. Basi mimi Thuo, mwanafunzi wa baiokemia mwaka wa pili, nikawa kila Ijumaa napanda baiskeli kutoka duka la mama yangu hapa Yamumbi hadi ofisini kwa Chifu Gichuru, kuthibitisha kwamba mtu anayejua hatua kumi za kuvunja sukari mwilini hajavunja sheria yoyote.

Mama hakuitegemea tabia yangu peke yake. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na yeye hakuwa na mazoea ya kubishana na methali. Kila Ijumaa alfajiri alikaanga mandazi ishirini, akayafunga kwa gazeti, akaongeza na kilo moja ya sukari kutoka dukani.

"Mtu akila vyako, ataandika mabaya juu yako na mkono gani?" aliniuliza, kisha akachota kikombe cha maji, akakimaliza, akachota kingine. "Huu moto wa mafuta utanikausha."

Mwaka huo alikuwa amekonda, gauni lake la kanisani likawa linampwaya. Nilimtania kwamba biashara imemrudisha usichana. Alicheka sana, akaenda kujitazama kwenye kioo.

Chifu Gichuru alikuwa mtu wa tumbo, kofia na fimbo, kwa mpangilio huo. Alipokea mandazi bila kusema asante, kwa sababu serikali haisemi asante, akayashushia kwa chai yenye vijiko sita vya sukari. Nilivihesabu. Halafu alianza safari zake. Choo cha ofisi kilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo alizunguka nyuma, kwenye ua wa misaiprasi. Ndani ya saa moja aliweza kwenda mara nne, na kila mara Wanyonyi, askari wake, aligeuka upande wa pili na kusimama wima kwa heshima.

Ijumaa moja niliambiwa ningoje huko nyuma, maana ndani kulikuwa na kesi ya mbuzi. Hapo ndipo nilipowaona. Sisimizi, maelfu, wamepanga foleni ya nidhamu kuliko sisi siku ya baraza, wanaelekea mahali pamoja tu chini ya ua: pale Chifu alipozoea kusimama.

Nilichuchumaa nikawatazama kwa furaha ambayo ni mwanasayansi mjinga tu anaweza kuipata mbele ya mkojo. Figo ni chujio. Sukari ikiwa ya kadiri kwenye damu, chujio huirudisha mwilini yote. Ikizidi, hushindwa, nyingine ikamwagika nje. Na sukari haitoki peke yake, maana maji hufuata nyayo zake, na miaka ile ya siasa ya Nyayo, nani hakufuata nyayo? Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa, akapata kiu, akanywa, akakojoa tena. Nikakumbuka kwamba kiatu cha kushoto cha Chifu kilikuwa kimekatwa mbele, kidole chenye kidonda kikatoa kichwa nje tangu Agosti.

Basi nikajua mambo mawili kwa pamoja. Chifu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Na mimi, kila Ijumaa, nilikuwa namletea kilo moja zaidi ili anipende.

Wiki mbili nilinyamaza, sitawadanganya. Niliogopa. Barua yangu ilikuwa kwenye kalamu yake, na kumwambia chifu kwamba nimechunguza mkojo wake hakukufanana na tabia njema. Lakini kidole kile kilikuwa kinazidi kuwa cheusi, na tena nilipiga hesabu ya kibinafsi: Chifu huyu akifa, chifu mpya atataka kuanza kuhesabu Ijumaa upya. Ijumaa ya tatu nilienda mikono mitupu, nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu kofia yake ikaanza kutetemeka.

"Wanyonyi! Umeskia huyu kijana? Anachungulia serikali ikikojoa!"

"Nimeskia, Afande."

"Na ananitakia kifo. Kwa ofisi yangu! Chini ya hiyo picha!" Alinyoosha fimbo kwa picha ya Rais ukutani, kana kwamba nayo ingetoa ushahidi. "Hiyo barua yako, andikiwa na hao sisimizi!"

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alikaa kwenye gunia la maharagwe, akanywa maji, akaniuliza taratibu iwapo mtu aliyeuza ng'ombe wawili kunisomesha alistahili mtoto mwenye mdomo wa namna hiyo.

Jumatano Wanyonyi akaja dukani, akanunua kiberiti, akaninong'oneza. "Alienda hospitali kule town. Daktari amesema ukingoja wiki moja tu, hiyo mguu wanakata. Amepewa dawa. Anakuita Friday. Na uje na hiyo kitu ya kupima."

Nilipata chupa ya dawa ya Benedict kwa mwalimu mmoja wa kemia. Ni maji ya buluu: unaweka matone manane ya mkojo, unachemsha. Yakibaki buluu, uko salama. Yakigeuka kijani, hali si mbaya sana. Yakifika rangi ya matofali, andika wosia. Ya Chifu yalikuwa matofali ya kujengea shule.

Kuanzia hapo Ijumaa zetu zilibadilika. Wanyonyi alichochea jiko, mimi nikashika neli ya kioo kwa kibanio cha nguo, na Chifu alisimama juu yangu akipumua. Nilimpunguzia ugali, nikamkatalia sukari kabisa, nikamwandikia sukuma wiki na maharagwe.

"Unataka nikule kama mbuzi?"

"Mbuzi hana kidonda, Mzee."

Alinitazama vibaya, lakini alikula. Kidonda kilianza kufunga. Sisimizi walipungua, wakahama, sijui walipata chifu gani mwingine. Hata hivyo, chuo kilipotangazwa kufunguliwa, barua haikuja. Kila nikiuliza, kalamu ilikuwa imekauka. Nikaelewa polepole kwamba nimejifunga mwenyewe: nikienda, nani atampimia? Kwa hiyo nikamfundisha. Ilinichukua Ijumaa tatu kumfundisha mtumishi wa serikali kuchemsha mkojo wake mwenyewe bila kumwachia Wanyonyi kazi hiyo.

Ijumaa ya mwisho mama alikuja nami kushukuru, amevaa gauni la kanisani na kulikaza mshipi mara mbili. Barua ilikuwa mezani, imepigwa muhuri. Chifu alichemsha mwenyewe, akainua neli dirishani. Kijani.

"Kila siku kijani. Hiyo buluu unasema, ni ya nani? Mimi sijawahi kuiona."

Nikapima wangu. Buluu safi.

"Wewe ni mtoto, hujakula dunia," akasema. "Nataka kuona ya mtu wa rika yangu. Mama Thuo, saidia serikali."

Mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kitambaa. Lakini alitaka niende na barua ile, akachukua mkebe akaenda chooni. Hakukawia. Mkojo ulikuwa mwingi. Chifu akahesabu matone manane, ulimi nje, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akaweka neli kwenye maji yanayochemka.

Ilipita kijani bila kusimama. Ikapita njano. Ikatulia kwenye matofali.

Vile vikombe vya maji. Gauni. Kioo. Niliviona vyote kwa mara moja. Nilikuwa nimesoma mkojo wa serikali nzima, na nyumbani nikamsifu mama yangu kwa kuisha. Nyani haoni kundule, na nyani aliyesoma baiokemia ndiye kipofu kupita wote. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

"Ni nzuri?" mama akauliza, akitutazama mmoja mmoja. "Thuo? Mbona hiyo yangu imeiva hivyo?"

Niliisukuma barua kwa Chifu, maana sikuona nitakwendaje. Aliisukuma kwangu tena. Kisha akafungua kile kitabu cha kuripoti, chenye jina langu Ijumaa baada ya Ijumaa, akapiga mstari chini ya sahihi yangu ya mwisho, akaandika taratibu jina la mama: Muthoni wa duka, Yamumbi.

"Kesho Wanyonyi atakupeleka hospitali kwa Land Rover ya ofisi. Halafu kila Friday, saa nne, unaripoti hapa," akamwambia. "Ukikosa, natuma askari. Chai hapa haina sukari."

"Nimefanya makosa gani, Chifu?"

"Ile nilifanya mimi," akasema, akamgeuzia kitabu na kumpa kalamu. "Weka sahihi, Mama. Huyu mtoto aende shule."

Mama alinitazama kwanza. Halafu akatia sahihi chini ya yangu.