Mifugo Imenona

Kwetu mtu akikuuliza, "Mifugo imenona?" unajibu, "Imenona." Hata kama mbuzi wako amelala mlangoni na hana nguvu ya kusimama, imenona. Ukisema imekonda umejiitia mkosi, na mkosi ukiitwa haukawii. Eti ndiyo adabu.

Kiangazi kile jangwa letu la Govi halikupata mvua hata ya kulaza vumbi. Mimi na mume wangu Choidog tulijibana kando ya kisima, mifugo ikitafuna miiba na vitunguu pori, makusudi, ili bonde letu la majira ya baridi lililo nyuma ya kilima lisiguswe. Bonde lile ndiyo roho yetu. Kiangazi kikiwa kikavu, theluji inayofuata huja na kifo, na mnyama asiye na nyasi za akiba hufa amesimama. Kila mfugaji anajua. Gombosuren, kaka mkubwa wa mume wangu, anajua kuliko wote, maana ndiye aliyemfundisha Choidog kuchunga.

Siku moja akaja na pikipiki yake. Akaingia hemani, akatoa kichupa cha ugoro, akabadilishana na Choidog, wakanusa.

"Mdogo wangu, mifugo imenona?"

"Imenona, kaka. Yenu je?"

"Imenona pia."

Nilimimina chai nimeuma ulimi. Mbuzi wetu walikuwa palepale nje, mbavu unazihesabu. Akanywa, akala jibini yetu kavu, akakitazama sana kile kilima, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi nikaona vumbi nyuma ya kilima. Nikapanda farasi. Mifugo yake yote imetapakaa bondeni, midomo chini, na mkewe anafunga kamba za hema.

"Shemeji! Karibu, chai ipo," akasema Gombosuren. Ananikaribisha kwangu!

"Kaka mkubwa, hili ni bonde la baridi. Ondoa mifugo yako."

"Mbona mkali hivyo? Choidog mwenyewe kaniambia mifugo yake imenona. Mwenye minono hakosi nyasi za kumgawia nduguye."

"Ile ni salamu!"

"Kwa hiyo mumeo mwongo?"

"Na wewe uliyesema yako imenona, umefuata nini huku? Imevimbiwa, umeileta matembezi?"

Mkewe akacheka kabla hajawahi kuziba mdomo. Gombosuren akaiva uso.

"Kamlete mumeo. Mimi sibishani na wanawake."

Mume wangu mwenyewe hakutaka kwenda. "Ni kaka yangu," akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie imekonda."

"Neno hilo silitamki."

Basi nikampigia simu mwenyekiti wa eneo letu, mama Dolgor, mwenye sauti ya kukwaruza na asiyeogopa ndevu za mtu. Kesho yake akatukusanya bondeni. Gombosuren alisimama amekunja mikono, anatabasamu, uso mkavu kama aliyekuja kupokea zawadi.

"Choidog," akasema Dolgor, "leo siulizi salamu, nauliza kweli. Mifugo yako imenona? Ukisema ndiyo, basi nduguyo kala kwa ridhaa yako, nami narudi nyumbani."

Choidog akatazama buti zake.

"Imen..."

"Imekonda!" nikasema mimi. "Imekonda, mwenyekiti. Inakufa. Na ya huyu bwana imekonda zaidi. Mtazame ngamia wake, nundu zote mbili zimelala ubavuni!"

Mke wa Gombosuren akatema mate chini kufukuza mkosi. Choidog alinitazama kama nimemvua nguo hadharani, na nilijua sitasamehewa.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," akasema Dolgor. "Gombosuren, hamisha. Leo."

Akahamisha, huku akinilaani mimi na uzao wangu. Lakini nyasi zilizokwisha kuliwa hazirudi. Bonde lilibaki nusu, na nusu ya bonde hulisha nusu ya mifugo. Hesabu hiyo haitaki shule.

Tangu siku ile Choidog hakunisemesha. Baridi ilipoanza kuuma nikamwambia, "Tuwachinje sasa wakiwa bado wana nyama, au tuje tuokote mifupa." Akachukua kisu, akakinoa.

Kwetu mwanamke hachinji. Nikawa nachagua mimi, navuta kwa pembe, yeye analaza na kuchinja. Kuchagua kote aliniachia mimi, ili lawama iwe yangu. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia na kaka yake, nikaendelea kuvuta.

Nikamshika mbuzi wa kijivu, kikongwe, niliyemlea mwenyewe hemani kwa chupa mwaka mama yake alipokufa. Alinifuata bila kuvutwa.

"Huyo hapana," akasema Choidog. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

"Huyu pia. Meno yamekwisha."

"Mwache, Narmandakh. Ni wako huyo."

"Nimwache ale ya nani?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikamgeuza mbuzi chali, nikamshika miguu, nikamngoja mume wangu apige goti.