Kiu ya Hakimu

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mama Dobi aliweka beseni la suuzo la mwisho mbele ya mbwa wake, akasubiri hukumu. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Nguo ilifuliwa, ikasuuzwa mara tatu, na maji ya mara ya tatu akapewa mbwa. Akiyanywa, nguo zinaanikwa. Akigeuza uso, zinarudi kusuuzwa, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anatazama saa. Ndiyo maana mbwa aliitwa Hakimu, na mtaa mzima ulijua kwamba shati lililopita kwa Hakimu halina hata chembe ya sabuni.

Hakimu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdomo umeota mvi, miguu ya nyuma imeanza ubishi, lakini shingo bado aliibeba kama mtu aliyeitwa kwenye jukwaa. Asubuhi ile alikunywa beseni lote mpaka likakauka. Akaenda kwenye suuzo la pili, akalimaliza nalo. Kisha akakaa chini ya bomba, akatazama juu.

"Una nini leo, baba?" Mama Dobi akamuuliza, akamfungulia.

Bakuli la nyama lilikaa pembeni mpaka mchana, likajaa nzi. Hakimu hakulitupia jicho.

Kufikia Alhamisi alikuwa anamaliza mapipa mawili kwa siku. Tumbo halikuvimba. Alikojoa mara mbili tu, asubuhi na jioni, kwenye nguzo ileile aliyoizoea. Maji yalikwenda wapi, hakuna aliyejisumbua kuuliza, maana kulikuwa na jambo jingine la kutazama. Mwaka mzima maji ya mtaa ule yalikuwa yakitoka na rangi. Juu kidogo ya mtaa kulikuwa na kiwanda cha rangi za nyumba, na chochote kilichopikwa huko wiki hiyo, mtaani walikiona kwenye bomba. Watu walilalamika, kiwanda kikajibu kwamba mabomba ni ya zamani. Sasa Hakimu akianza kunywa, mabomba ya mtaa mzima yanatoa maji meupe pee. Akilala, baada ya saa moja rangi inarudi.

Rangi yenyewe ilibaki kwenye ulimi wake. Jumatatu ulikuwa wa kijani, Jumatano wa manjano, Ijumaa mwekundu kabisa. Fundi rangi wa jirani alikuwa anapita asubuhi kuuangalia kabla hajaenda dukani, ajue mzigo mpya ni wa rangi gani.

"Mama Dobi!" fundi cherehani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hakimu kalala? Chai yangu inageuka kijani huku!"

"Mwache apumzike, jamani. Yule ni mzee."

"Haya, akiamka basi. Nitasubiri."

Mama Dobi alinung'unika, lakini moyoni alijisikia vizuri. Wangapi mtaani pale walikuwa na mbwa anayesubiriwa?

Hata hivyo bakuli lilikuwa halijaguswa siku ya tano, na daktari wa mifugo akaitwa. Alikuja na mkoba wake, akamfungua Hakimu mdomo, akabonyeza ufizi, akamvuta ngozi ya shingo.

"Mbwa mzee akikataa chakula na kunywa maji kupita kiasi, kwanza naangalia figo, halafu sukari," alisema. Akachukua damu. Kesho yake akarudi. Figo nzuri, sukari hakuna. Akaweka kifaa chake masikioni, akalisikiliza tumbo kwa muda mrefu. Alisikia mashine ya kukorogea, mikanda inayozunguka na, ilipofika saa sita, king'ora cha chakula cha mchana.

"Mitambo inafanya kazi vizuri," alisema, akivua kifaa.

"Dawa yake nini, Daktari?"

"Ahame hapa. Au kiwanda kiache kumwaga uchafu wake." Akaandika yote mawili kwenye kadi, kwa mwandiko wa kusomeka. "Sitakudanganya, mama. Akiendelea hivi bila kula, mwaka haumalizi."

Mama Dobi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisi ya maji. Siku tatu baadaye mkaguzi akaja na chupa yake. Akaikinga bombani Hakimu akiwa katikati ya pipa. Maji yakaingia yanang'aa.

"Ni safi," mkaguzi alisema.

"Ni safi kwa sababu huyu anakunywa."

"Naona, mama." Na kweli alikuwa anaona. Alimtazama Hakimu, akautazama ulimi, siku hiyo ulikuwa wa zambarau. "Lakini fomu inauliza habari za maji. Haiulizi habari za mbwa."

"Basi subiri alale, uchukue tena."

"Tunapima mara moja kwa mwaka, mama yangu. Mtaa mmoja, chupa moja."

Alikuwa mtu wa adabu. Alimpapasa Hakimu kichwani kabla ya kuondoka.

Basi Mama Dobi akampakia mbwa wake kwenye mkokoteni wa nguo, akamsukuma mpaka kwa dada yake, ng'ambo ya kilima, ambako wanatumia kisima. Jasho lilimtoka njia nzima. Walipofika, Hakimu alilamba maji mara nne, akatosheka. Kisha akala. Alikula nyama, akala mifupa, akalamba bakuli mpaka likasogea na kugonga ukuta. Mama Dobi alikaa kizingitini akalia kwa furaha, bila kujificha.

"Mwache hapa, mdogo wangu," dada yake alisema. "Nitamtunza. Utakuwa unakuja kumwona."

Akakubali. Alilala huko siku mbili ili mbwa azoee. Siku ya pili, alasiri, Hakimu akiwa na mfupa mdomoni, akautema. Alisimama akageukia upande wa nyumbani, masikio juu. Saa hiyohiyo, ng'ambo ya kilima, mtoto wa fundi cherehani alikuwa anatapika bluu, na watoto wawili wa nyumba ya pili walikuwa wamejikunja wanashika matumbo. Hakimu akatembea taratibu mpaka kwenye mkokoteni, akajipandisha kwa taabu, akakaa.

"Mfunge kamba!" dada akasema. "Atakufa kule!"

"Huyu hafungwi kamba."

"Basi mshike! Unampeleka wapi?"

"Kazini," Mama Dobi alisema. Kidevu kilikuwa juu. Alikuwa na uchungu wa kumpoteza na alikuwa akijivuna, yote kwa pamoja. Akashika mikono ya mkokoteni. Mtaani walikuta watu wamesimama milangoni na vikombe vyao. Hakuna aliyepiga makofi. Walisogea tu wakampisha, na wanaume wakavua kofia.

Mwezi uliofuata meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe, kwa miguu, na nakala ya cheti cha ofisi ya maji. Alieleza kwa upole kwamba, kwa kuwa maji ya mtaa yamethibitishwa kuwa safi, kiwanda kimeruhusiwa kuongeza zamu ya pili, na inaanza leo. Akataka kujua kama Hakimu ataweza.

"Kazi haijawahi kumshinda," Mama Dobi alijibu kabla hajafikiri.

"Nimesikia hivyo. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Meneja alimtazama mbwa kwa heshima, kisha akatoa kalamu. "Ana watoto?"

"Hana. Wa aina yake ni huyu peke yake."

Alilisema hilo kwa majivuno, mkono kiunoni. Meneja akasikitika, na alisikitika kweli. Akaandika, akashukuru, akaondoka.

Saa tisa king'ora cha zamu ya pili kikalia kwa mara ya kwanza. Hakimu aliinuka, miguu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, akajinyoosha vizuri mbele ya watu. Mama Dobi alipitisha mkono ubavuni mwake, akahesabu mbavu kwa vidole, na zote zilihesabika. Kisha akamsogezea pipa la tatu.