Amplifaya ya Kumwita Gharib

Siku arubaini baada ya mumewe kupotea, Swafiya alivuka kutoka Siyu akaja Amu, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya serikali na kuuliza ni nani anayeshughulika na spika za motaboti. Akaonyeshwa Patroba.

Patroba alikuwa fundi wa redio, mtu wa Butere, aliyeletwa Amu mwanzoni mwa mwaka huo wa sitini na tano. Alimpa kiti. Swafiya hakuketi.

"Nimesikia motaboti yenda mkono wa Dodori Alhamisi," alisema. "Nataka kwenda nayo. Mume wangu yuko nti ya bara."

Kisa chake hakikuwa kirefu. Shifta, wale wapiganaji wa mpakani, walipozidi kuvamia, watu wa visiwani waliokuwa wakilima bara waliamriwa kuhama. Wakavuka na mikeka, kuku na vyungu vyao. Gharib alimpandisha mkewe mashuani, akasema anarudi shambani mara moja kuchukua mbegu za simsim alizozisahau. Mashua ilimngoja mpaka maji ya bahari yakaanza kutoka. Hakuja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyeuona mwili wake.

"Nimeuliza kama nikae eda," alisema Swafiya. "Nimeambiwa nisubiri miaka minne. Miaka minne, Bwana Patroba, na mimi si mke wala si mjane."

Patroba alikwenda kumwona Bwana Kariuki, mkubwa wa ofisi. Kariuki hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. Alisema motaboti itapita Dodori mara hiyo moja tu, itangaze kwamba yeyote aliyebaki atoke ufuoni, kisha basi, mkono ule wa bahari utafungwa. Na mtu yeyote asishuke bara.

"Huyo mama atatusaidia nini?" aliuliza.

"Anasema mtu aliyejificha msituni hatatoka kwa sauti ya serikali, bwana. Ya mkewe ataijua."

Kariuki alisukuma faili kando. "Mchukue," alisema. "Lakini hizo spika zenyewe zinafanya kazi?"

Zilikuwa hazifanyi. Juu ya paa la motaboti palikuwa na spika mbili za pembe, zenye midomo mipana kama masufuria, na zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokufa ni amplifaya, iliyolishwa maji ya chumvi msimu mzima. Ghalani zilikuwemo nyingine mbili, na Patroba alipaswa kuchagua moja.

Ya kwanza ilikuwa ya transista, ndogo, nyepesi, mpya. Nguvu yake ilikuwa wati ishirini. Ya pili ilikuwa ya valvu za kioo za zamani, nzito kama jiwe la kusagia, iliyowahi kutumika kuonyesha sinema viwanjani. Hiyo ilikuwa na wati sitini. Kila pembe ingeweza kubeba wati kumi na tano, kwa hiyo zote mbili thelathini. Hesabu haikuwa na ubishi.

Jumatano asubuhi alizijaribu zote gatini. Husseini, nahodha wa motaboti, alitembea ukingoni mwa bahari akiinua mkono kila aliposikia maneno sawasawa. Ile ndogo ilisikika safi, kila neno mahali pake, mpaka hatua mia tatu hivi. Kubwa ilinguruma, ikakwaruza, lakini Husseini aliendelea kuinua mkono hata akawa hatambulikani ni nani.

Swafiya alikuwa amesimama kando akitazama. "Ile kubwa," alisema.

"Itaziunguza, Bi Swafiya. Ndani ya kila pembe mna koili ya waya mwembamba kama unywele. Ukiipa nguvu kupita kiasi, inakatika. Inayozifaa ni hii ndogo."

"Yazifaa pembe," alisema Swafiya. "Na mimi?"

Patroba alichukua bisibisi. Aliifunga ile ndogo motabotini. Lakini Alhamisi alfajiri, walipokuwa wakipakia, aliibeba na ile kubwa akaisukuma chini ya benchi.

Waliingia Dodori maji yakiwa yamejaa. Pande zote mbili ilikuwa mikoko tu, imesongamana, na nyuma yake, mbali zaidi kuliko Patroba alivyodhani, ndiko yalikokuwa mashamba. Husseini alizima injini. Patroba akasoma tangazo la serikali, kisha akampa Swafiya maikrofoni.

Aliishika kwa mikono miwili. "Gharib," alisema, na sauti yake ikatoka juu ya paa, laini, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Gharib, ni mimi. Nawe u wapi? Toka, mume wangu, hakuna atakayekudhuru."

Wakangoja. Sauti iliingia kwenye mikoko ikanyamaza humo humo. Walisogea mbele, wakarudia. Walisogea tena. Mara ya nne Husseini alitikisa kichwa. "Haipiti majani," alisema. "Na maji yameanza kutoka. Nusu saa, kisha tutakwama."

Swafiya aliishusha maikrofoni. Alimtazama Patroba tu.

Patroba aliivuta ile kubwa kutoka chini ya benchi. Alibadilisha nyaya, akaunganisha betri, akangoja valvu zipate moto. Kwa penseli akaweka alama kwenye kirungu cha kupandishia sauti, chini kidogo ya nusu, mahali ambapo pembe zingestahimili.

"Sasa," alisema.

"Gharib!"

Safari hii ndege waliruka mikokoni. Jina lilikwenda, likagonga mahali fulani mbali, likarudi. Swafiya alishtuka kwa ukubwa wa sauti yake mwenyewe, kisha uso wake ukafunguka. Aliita tena na tena. Alitaja jina la mama yake Gharib, akataja kisima chao, akataja mambo ambayo Husseini aliinamisha macho kuyasikia.

"Yafika shambani?" aliuliza.

Patroba alijua kwamba haifiki, au inafika kidogo. Aliizungusha sauti mpaka kwenye alama. Halafu akaipita.

Swafiya aliita mara tatu. Mara ya nne, pembe ya kulia ilitoa mlio kama kitambaa kinachopasuka, ikanyamaza. Mzigo wote ukaiangukia ya kushoto. Kabla Patroba hajarudisha mkono, nayo ikakatika. Harufu ya waya ulioungua ikawashukia.

Swafiya aliendelea kusema ndani ya maikrofoni kwa muda kabla ya kutambua kwamba hakuna anachokisikia ila sauti yake ya kawaida. Akaiweka chini. Akasimama kwenye ukingo wa motaboti, akaita kwa kifua chake, mpaka sauti ikamkauka na Husseini akawasha injini kwa sababu tope lilikuwa limeanza kuonekana.

Hakuna aliyetoka.

Ofisi haikuagiza pembe nyingine. Mkono wa Dodori ulifungwa kama Kariuki alivyosema. Patroba aliandika ripoti na kukiri kwamba kosa ni lake, na Kariuki akaitia faili bila kumkaripia, jambo lililomuuma kuliko karipio.

Mwezi wa tisa Patroba alipata uhamisho. Kabla ya kuondoka alikwenda mtaa wa Mkomani, kwa Bi Mwanamkisi, shangazi yake Swafiya, ambako Swafiya alikuwa akikaa siku hizo. Alimkuta Swafiya barazani akisuka ukili wa mkeka. Alimuaga. Mikono yake haikusimama.

"Bwana Patroba," alisema baadaye, "lau ungeshikilia ile ndogo, wakaturuhusu kurudi siku nyingine, na nyingine, huenda siku moja angekuwa karibu?"

"Huenda."

"Na kwa ile kubwa, huenda alisikia, akawa njiani kutoka, sauti ikamkatikia?"

Patroba alitaka kumwambia hapana. "Sijui, Bi Swafiya," alisema.

Swafiya aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu. Alichukua ukindu mwingine, akauchomeka mahali pake, akaendelea kusuka, na Patroba aliinuka akaenda zake.