Wali Usioonjwa

Wali ulikuwa bado unafuka mvuke, na hilo ndilo lililomtisha Scolastica kuliko kitu kingine. Chakula cha marehemu, ungefikiri, kingekuwa baridi.

Alikuwa ametoka shamba, jembe begani, tumbo la miezi saba likimtangulia, akaikuta sahani juu ya jiwe la mlangoni. Sahani ya bati, nyeupe, yenye maua ya buluu, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mwekundu. Sahani aliijua. Kitambaa alikijua. Mwenye vitu hivyo, Fathiya, alikuwa amezikwa wakati wa masika, yeye na mtoto wake wa kwanza katika kaburi moja.

Akafunua kwa ncha ya kijiti. Wali wa nazi, na pembeni maharage. Hayo maharage nayo aliyajua: mekundu yenye madoa meupe, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Nemba siku alipoolewa. Hapa Nyakahura hakuna mwingine aliyeyapanda. Yalikuwa yake mwenyewe, yamemrudia yakiwa yamepikwa.

Mama mkwe wake, Bibi Odeta, aliingia uani akitoka guloni, soko la kila Alhamisi, na kapu la ndizi zilizokosa mnunuzi. Akasimama mbali na sahani.

"Nani kaleta?"

"Sijui, mama. Nimeikuta."

"Aliyeleta kaonja?"

"Nimeikuta tu, nakwambia."

"Basi kaleta asiyeweza kuonja." Bibi Odeta akatua kapu. "Usiguse kwa mkono. Kafukie migombani."

Kwao ndivyo ilivyo. Anayeleta chakula huonja kwanza, mbele ya macho ya anayepokea. Anayemimina pombe hupiga funda la kwanza yeye. Maana yake si kwamba jirani anashukiwa. Maana yake ni kwamba kikiua, kituue sote. Chakula kisichoonjwa hakiliwi, hata kiwe kimetoka kwa padri.

Fathiya alipohamia nyumba ya pili, upande wa pili wa ua wa minyaa, hakuyajua hayo. Yeye alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, watu ambao babu zao walitoka pwani, na mumewe Muksini alikuwa na duka la kando ya barabara. Wiki ile ile aliyohamia alileta vitumbua. Bibi Odeta akamtazama, akasema, "Onja."

Uso wa Fathiya ukabadilika. "Kwetu chakula cha jirani huletwa kimefunikwa, bibi. Anayekidokoa njiani ni mlafi. Au paka."

"Basi hapa ni kwa paka. Onja."

Fathiya akacheka mpaka akashika mbavu. Akauma kitumbua, akatafuna kwa madaha, akameza. "Haya, nimeonja. Nikifika mlangoni kwangu sijaanguka, kuleni."

Tangu hapo minyaa ilifunguka tundu kwa kupitwa. Scolastica alipeleka maboga, maharage yake ya madoa, karanga mbichi, uyoga wa mvua za kwanza. Fathiya alirudisha mkate wa kumimina, achari, mafungu ya mchaichai aliouotesha kwenye ndoo mbovu. Kila mara alionja hadharani, na kila mara alijifanya anayumba, anashika koo. Bibi Odeta hakucheka hata siku moja, lakini kitumbua cha kwanza kilikuwa chake.

Kisha uchungu ulimshika Fathiya, na gari lililokuwa likimpeleka hospitali likarudi na maiti. Scolastica hakwenda makaburini. Mwenye mimba haendi. Alisimama kwenye lile tundu la ua, akasikia sauti za wanaume zikipungua kuelekea kilimani. Baadaye Muksini akafunga duka, akafunga nyumba, akahamia Rusumo kuhangaika na mizigo ya malori mpakani.

Nyumba ile ilikuwa imefungwa. Lakini Alhamisi iliyofuata sahani ilikuwa mlangoni tena.

"Labda ni paka aliyejifunza kupika," alisema Ansbert, mumewe Scolastica. Alikuwa amempigia Muksini, simu haikupatikana. "Wali wenyewe unanukia. Mimi ningekula."

"Kula," mama yake akamjibu. "Tumbo lako halina mtu."



"Sikiliza, mkamwana." Bibi Odeta alimgeukia Scolastica, na safari hii sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliogopesha. "Aliyekufa katika uzazi hakumaliza kazi yake. Alikuwa shoga yako, mlipanga kulea pamoja. Sasa yuko huko peke yake. Anakuita kwa njia anayoijua. Ukila, mtoto wako amekwenda."

Scolastica akawa anafukia. Kila Alhamisi, siku ya gulo, wakati nyumba haina mtu, sahani ilikuja, naye akaipeleka migombani, akachimba, akamwaga, akarudishia udongo. Sahani aliiosha akaiacha tundu la ua, imefunikwa kifudifudi, tupu. Kurudisha chombo kitupu ni aibu, lakini ungetia nini katika chombo cha maiti? Boga? Asubuhi ya pili haikuwapo.

Na harufu ya nazi ilimfuata. Ilimkuta shambani, upepo ukipita juu ya nyumba iliyofungwa. Wakati mwingine alipokuwa anafukia, mate yalimjaa kinywani, akajiona mchawi. "Nisamehe, shoga," aliliambia shimo. "Ningekuwa peke yangu ningekula."

Siku moja mvua ililivunja gulo mapema na ikamfukuza yeye shambani. Sahani ilikuwa mlangoni, kitambaa hakijalowa bado. Akaichukua moja kwa moja mpaka migombani. Udongo ulikuwa laini. Alikuwa amekwisha chimba shimo aliposikia sauti nyuma yake.

"Unapanda nini?"

Akageuka. Fathiya alikuwa amesimama kati ya migomba, kanga kichwani, masizi mkononi. Paji la uso lilikuwa lile lile, jicho lile lile lililolegea kidogo upande wa kushoto. Ila alikuwa amezeeka, amezeeka sana, kana kwamba kule alikokwenda miaka hukimbia.

Jembe likamponyoka. "Shikamoo," kinywa chake kikasema chenyewe.

"Marahaba. Mimi ni Mwanaharusi, mamake Fathiya." Yule mama akatazama shimo, akatazama sahani, akatazama tumbo. "Wewe ni Scola. Alikuwa akinisimulia. Nakuuliza, mwanangu: unapanda nini?"

Scolastica alitaka kusema uongo lakini hakuupata.

"Kila Alhamisi napanda gari kutoka Biharamulo," Bi Mwanaharusi akasema taratibu. "Nafungua nyumba ya mwanangu. Nawasha jiko lake. Natoa maharage kwenye kopo lake. Hii ni sadaka yake, lazima itoke jikoni mwake. Watu wakila, yeye anapata. Naweka mlangoni naondoka, maana sadaka haipigiwi hodi wala haitangazwi. Jioni naiona sahani imerudi safi, nasema alhamdulillahi, amekula." Akafuta uso, masizi yakabaki shavuni. "Lakini nikilala namwona kakaa, kapakata mwanawe, ananiambia, mama, mbona hamniletei? Nikasema shetani ananichezea. Kumbe."

"Mama, sikujua..."

"Mwanangu nilimzika. Nawe unamzika tena kila Alhamisi?"

Mvua ilikuwa imekuwa manyunyu. Scolastica akainua sahani kwa mikono miwili, kama anavyoinua mwenye kupokea. "Onja, mama. Punje moja tu. Onja, nami nitakula yote."

"Siwezi."

"Kwetu..."

"Nayajua ya kwenu, aliniambia, alikuwa akicheka. Lakini hii si karamu. Nikiitia kinywani imekuwa chakula changu, yeye hana kitu."

"Scola!" Bibi Odeta alikuwa kwenye kona ya nyumba, kanga imemganda mwilini kwa mvua, kapu bado kichwani. "Weka chini hiyo sahani!"

"Ni mama yake, mama. Si mzimu. Ni mama yake Fathiya."

"Hata kama. Kaonja?" Akasogea, akamkabili mgeni. "Pole kwa msiba, dada. Nilimpenda mtoto yule. Lakini wewe huonji, halafu huyu ale? Huyu ana mtoto tumboni."

"Wangu naye alikuwa naye," Bi Mwanaharusi akasema.

Lori lilipita barabarani likielekea mpakani, mabati ya nyumba yakatetemeka, kisha yakatulia.

Scolastica aliketi juu ya gogo la mgomba. Akanawa kwa maji yaliyotuama kwenye jani. Alijua kinachoweza kumpata. Hofu yote aliyotiwa na mama mkwe wake ilikuwa kamili kifuani. Aliiacha humo humo. Akafinyanga tonge la kwanza akalitia kinywani.

"Scola," Bibi Odeta akasema, kwa sauti ndogo.

Wali ulikuwa na chumvi iliyozidi kidogo, kama ulivyokuwa siku zote. Mkono mmoja, mama na mwana. Alikula akiwa ametazama chini. Alikula maharage aliyoyapanda mwenyewe, tonge kwa tonge, mpaka bati likaonekana na maua yake. Bi Mwanaharusi hakuondoa macho yake kinywani mwake. Kisha, tonge la mwisho liliposhuka, macho yale yalihama. Yalitua kando kidogo ya Scolastica, juu ya gogo, pale palipokuwa na nafasi ya mtu wa pili kukaa.

"Ameshiba," akasema.

Akaichukua sahani na kitambaa, akapita tundu la ua, akatokomea upande wa pili. Baadaye wakasikia kufuli.

Bibi Odeta alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kiganja juu ya tumbo la mkwewe, anasubiri. Walisubiri wote wawili bila kupumua vizuri. Mtoto akapiga teke. Akapiga la pili, la nguvu, la mtu anayedai.

"Yupo," Bibi Odeta akanong'ona. "Yupo. Inuka twende ndani."

Scolastica hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa na punje za wali, midomo inang'aa mafuta ya nazi. Lakini tumbo lilikuwa jepesi, na njaa aliyotoka nayo shambani ilikuwa pale pale, imekua, inamkwangua.

"Mama, kuna viazi jikoni?"

"Viazi? Si umemaliza sahani nzima sasa hivi?"

Scolastica alitazama gogo upande wake wa kushoto, pale ambapo manyunyu yalikuwa bado hayajapalowesha.

"Sijala mimi," akasema.