Mama Kulwa

Walipouliza nani atambeba mtoto wa pili, Benedikto alidhani wanatafuta mtu wa kumhamishia chumba kingine. Akanyoosha mikono. Nesi Sabra akamwambia avue shati.

Dada yake, Theresia, alikuwa kitandani, midomo imempauka kwa damu nyingi iliyompotea. Alikuwa ameteremka kutoka Mgeta kwa gari la mboga, uchungu umemshika kabla ya miezi yake kutimia, na hakuna aliyejua kwamba tumboni mna wawili. Zahanati walimwelekeza mapema ashuke mjini kupigwa ultrasaundi, lakini mvua ilikata barabara, akangoja. Mumewe, Innocent, alikuwa mbali, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Aliyebaki wa kumshika mkono ni kaka yake.

Kulwa, aliyetangulia, alikuwa na afadhali. Alilazwa kifuani kwa mama yake. Doto alienea kiganjani. Nesi akamlaza kifuani kwa Benedikto, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kanga na kumvisha mtoto kofia ya sufu.

"Huyu anasahau kupumua," alisema. "Akitulia sana, msugue unyayo. Joto lako ndilo litakalomkumbusha, mjomba."

Mwanzoni aliona haya, mwanamume peke yake katika wodi ya kina mama. Kisha haya ikamtoka bila yeye kujua, pamoja na hesabu ya siku. Kiti chake kilikuwa dirishani, na milima ya Uluguru ilionekana pale, mara ipo, mara imemezwa na wingu. Usingizi ulimjia kwa vipande. Alijiona yuko shambani kwake, ukungu unaingia taratibu hadi magotini, vitanda vimegeuka matuta ya karoti na kila tuta lina kitu kidogo kilichofunikwa kinachongoja kuota. Maji yalikuwa yakishuka mferejini, chee, chee, karibu kabisa na moyo wake. Yaliponyamaza alishtuka, akapapasa unyayo ulio mdogo kuliko kidole chake cha gumba, akausugua. Maji yakaanza tena kushuka.

Mchana mmoja wa mvua alikuwa katika usingizi huohuo, na maji yalikuwa yakishuka vizuri, sauti ya dada yake ilipomfikia kutoka mbali.

"Kaka. Kulwa hataki kunyonya."

Miguu ya Kulwa ilikuwa baridi. Nesi Sabra alimchukua upesi, na daktari alipokuja alieleza kwamba uambukizo umeingia kwenye damu, na kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati hawana kinga ya kupambana nao. Wakamtundikia dawa. Hofu yao yote walikuwa wameiweka kwa Doto. Kulwa hakuna aliyemhofia. Benedikto aliinuka, Doto akiwa bado amefungwa kifuani, akachota maji kwenye kikombe na kumbatiza mpwa wake. Maji mengine yakamwagikia kwenye shuka.

Kabla mvua haijakatika, Kulwa alikuwa ameondoka.

Theresia hakulia. Mikono yake ilibaki imekunjwa pale pale alipokuwa amelala mtoto, na alirudia kwa sauti ya chini kwamba huyu ndiye aliyekuwa na nguvu. Benedikto alisogea kitandani. Akaifungua kanga. Akamtoa Doto na kumweka kwenye ile nafasi tupu. Doto alipekua kwa mdomo huku na huku, akalia, kilio chembamba ambacho hawakuwahi kukisikia. Maziwa yakamshuka mama yake. Hapo ndipo na yeye alipolia.

Innocent alifika kesho yake, matope ya miwa bado yako kwenye viatu. Alimwamkia shemeji yake, akakaa kidogo na mkewe, kisha akampandisha Kulwa mlimani kwenda kumzika.

Benedikto alibaki na dada yake mpaka Doto alipojua kunyonya na kuacha kusahau pumzi. Walirudi siku ya wingu zito. Majirani walitokeza mmoja mmoja kutoka ndani ya ukungu, wakawapokea mizigo, lakini salamu zao zilikwama. Hawakujua wamwiteje mama mwenye mtoto mmoja wa mapacha.

Theresia akamfunika Doto vizuri.

"Niiteni Mama Kulwa," alisema. "Yeye ndiye mkubwa."

Wakamwita hivyo. Benedikto akatangulia ndani kuwasha moto.