Asante ya Zulema

Katika Klabu ya Huduma ya Lago Hondo, mtu hasemi "asante" ovyo. Kila Alhamisi wanachama huketi kuzunguka jiko la kuni, na kibuyu kimoja cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa Amerika Kusini, hupita mkono kwa mkono. Ukikirudisha kimya, utajaziwa tena zamu yako ikifika. Ukisema asante, maana yake umetosheka, na birika halikujii tena usiku huo. Kwa hiyo klabu ilipopata kiti chake cha skii, cha kuteleza juu ya theluji, baada ya minada ya wanakondoo na maandazi yasiyo idadi, na kuanza kuwapeleka watu wenye ulemavu mlimani kila Jumapili, hakuna aliyehangaika kutunga ishara mpya. Mshika kamba huteleza nyuma akiwa ameshika kamba iliyofungwa kwenye kiti, mpaka aliyekaa aseme asante. Ndipo anaachia.

Zulema Quilapán hakuwa amelisema neno hilo hata mara moja, na huu ulikuwa msimu wake wa tatu.

Si kwamba alikosa sauti. Kila adhuhuri ndiye anayesoma redioni ujumbe wa watu wa mashambani: "Bwana Fidel wa Bonde la Maitén, mkeo ametoka hospitali salama, mletee farasi njia panda siku ya Ijumaa, na usisahau blanketi kama mwaka jana." Kabla ya hapo alikuwa akipeleka barua kwa wachungaji haohao, mpaka gari lilipoteleza kwenye barafu na kumlalia. Miguu alitoka nayo, ila tangu siku hiyo haimsikilizi.

"Huyu mwanamke kwenye mate anamaliza birika, na mlimani anamaliza kamba," alizoea kusema mzee Anselmo Prieto, mwokaji mikate mstaafu na mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa mshika kamba wake tangu siku ya kwanza. "Utatosheka lini, mwanangu?"

"Siku utakayochoka wewe, mzee."

"Basi tutazikwa na hii kamba!"

Walicheka, na Zulema alicheka nao.  Lakini alitaka kadi ya buluu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu ajali. Mwenye kadi hiyo hupanda lifti, yale mabenchi yanayoning'inia kwenye waya mpaka mlimani, peke yake siku yoyote, Jumatatu akitaka, Jumatano akitaka. Asiye nayo husubiri Jumapili, tena Jumapili ambayo klabu ina mtu wa kumsindikiza. Siku sita za wiki mlima ulikaa dirishani mwa chumba chake cha redio kama picha ya kalenda, na moyo ulimuuma.

Sharti la kadi lilikuwa fupi: ushuke kutoka kituo cha kati cha lifti mpaka kibanda cha walinzi kule chini, na ukipita Kona ya Mbuzi kamba iwe imeachiwa. Baada ya kona hiyo mlima unajimwaga ghafla, na hapo ndipo Zulema aliposhindwa mwaka juzi, akashindwa na mwaka jana. Kila akiikaribia kona, neno lilimganda mdomoni.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Septemba. Kesho yake lifti ingefungwa mpaka mwaka ujao. Na asubuhi hiyohiyo goti la mzee Anselmo likavimba kama mkate uliozidishiwa hamira.

Kamba akapewa Gorka, mhandisi wa umeme aliyehamia kutoka Hispania miezi miwili iliyopita na kujiunga na klabu kwa furaha kubwa. Alikuwa fundi wa skii kuliko wanachama wote wakijumlishwa. Walimfundisha kufunga kamba mkononi, kukaa umbali gani, kuvunja mwendo namna gani. Neno lenyewe hakuna aliyemweleza. Gorka mate humpa kiungulia, Alhamisi hunywa kahawa yake pembeni, na kila mwanachama alidhani jambo hilo linajulikana na dunia nzima. Nani humfundisha mtu mzima maana ya asante?

Wakaanza kushuka. Theluji ilikuwa laini juu na ngumu chini, na Zulema aliinama kulia, akainama kushoto, mikongojo yake miwili yenye vibao vya skii ikigusa chini kwa zamu. Kona ya Mbuzi ikatokea.  Akakumbuka kwamba hakuna kesho, akafumba macho nusu, akasema:

"Asante!"

"Si kitu, dada!" Gorka akajibu nyuma yake, na kamba ikabaki palepale.

Zulema hakuamini masikio yake. "Asante, nimesema!"

"Nawe pia! Unakwenda vizuri sana!"

"ASANTEEE!"

"Usijali kabisa, nipo hapahapa, sikuachi!"

Wakapita kona hivyo, mmoja akishukuru kwa hasira na mwingine akipokea shukrani kwa unyenyekevu, mpaka chini kibandani, kamba imekazwa kama waya wa simu. Mercedes Oyarzo, mkuu wa walinzi wa mlima, alikuwa amesimama pale na kitabu chake, pamoja na wanachama waliokuja kutazama, mzee Anselmo na goti lake akiwamo. Akatikisa kichwa.

"Kamba ilikuwa mkononi."

"Lakini nilisema!"

"Nilikusikia, Zulema. Ng'ambo ya ziwa wamekusikia. Ila mimi nimetumwa kuangalia kamba."

Gorka alikuwa amevua miwani, macho yamemtoka. "Kwani nimekosea nini? Amenishukuru mara tatu! Nikajua mwenzangu anafurahi!"

Mchinjaji wa klabu aliketi kwenye theluji kwa kucheka. Mjane wa mwenye duka la dawa alijifuta machozi kwa skafu. "Maskini Gorka, hapa asante ni 'nimetosheka, achia', nawe ukazidi kummiminia!" Hata Mercedes alijificha nyuma ya kitabu. Zulema peke yake hakucheka. Mashavu yalimwaka. Misimu mitatu ya kulitafuta neno moja, na alipolipata, likapokewa kama zawadi ya harusi!

Wahenga walisema hasira hasara. Siku hiyo wahenga hawakuwepo mlimani. Hasira ilimpanda Zulema mpaka utosini, na ilipopanda, ikaisukuma hofu nje kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Akajikuta anakumbuka jambo ambalo hakulitilia maanani kule juu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kumi kasoro dakika ishirini na tano," Mercedes akasema. "Lifti inafungwa saa kumi kamili. Ukiwahi, mara moja zaidi."

"Napanda mimi," akasema mzee Anselmo, ameshaanza kuchechemea kuelekea skii zake. "Goti litajijua lenyewe."

"Mzee, simama. Njoo unifungue hii kamba."

"Tutaifungua huko juu, kwenye kona."

"Hapahapa. Sitaki kupanda nayo. Baada ya kona nilipinda mwenyewe, mzee, mara nne, na kila nikipinda kamba inanivuta nyuma. Ilikuwa inaniharibia! Nilikuwa nashuka, na yenyewe inanizuia."

Anselmo aliinama nyuma ya kiti. Alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Vidole vilivyosuka mikate kwa miaka arobaini vilihangaika na ndoano ndogo ya chuma.

"Nikwambie kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka juzi ulipokaa kimya pale konani, nilifurahi. Mwaka jana pia. Aliyekuwa anaogopa ni mimi, Zulema."

"Tulikuwa wawili," akasema Zulema, akamshika mkono. "Fungua."

Ndoano ikalia, kamba ikaanguka kwenye theluji.

Gorka alipanda naye kwenye lifti, maana bila kadi lazima uwe na msindikizaji. Njia nzima aliomba radhi. Kule juu akainua mikono yake miwili mitupu hewani ili wa chini waione, akakaa mbali nyuma, asithubutu hata kukohoa.

Zulema akajisukuma.

Mwanzo ulikuwa mwepesi mno, na wepesi huo ulimtisha. Kiti kilikimbia bila mtu wa kukidai. Kwenye Kona ya Mbuzi mkongojo wa kushoto ukakanyaga barafu na kumponyoka pembeni. Kiti kikalala, bega lake likachana theluji, na kule chini watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Anselmo alinyoosha mikono mbele kana kwamba angeweza kumdaka kutoka nusu kilomita. Zulema aliuma meno, akagandamiza mkongojo kwa nguvu zote za kifua, akamtukana yule mbuzi aliyeipa kona jina, na kiti kikainuka.

Ndipo mlima ukajimwaga, naye akamwagika nao. Kulia. Kushoto. Kulia tena, mapana, theluji ikiruka pembeni. Hakuna kilichomvuta. Alikuwa mzito pale alipotaka kuwa mzito na mwepesi pale alipotaka wepesi, na furaha ilimjia kubwa kiasi kwamba ilibidi aipigie kelele. "Piisheni!" alinguruma kwa sauti ya redioni, ingawa njia ilikuwa tupu. "Pisheni, mpeleka barua anapita!"

Alipita kibandani kwa kasi, akakata kona moja ya mwisho, akasimama kiubavu na kuwafunika klabu nzima kwa theluji. Mchinjaji alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anamwona. Gorka alifika nyuma akipiga makofi, na mjane akambusu mashavu yote mawili.

Mercedes alifungua kitabu chake. Aliandika jina, akapiga muhuri, akaitia kadi ya buluu kwenye mfuko wake wa plastiki na kumkabidhi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu.

Zulema akaitundika kadi shingoni, akageuza kiti kuelekea lifti.

"Unakwenda wapi tena?" Anselmo akapaza sauti.

"Juu!"

Mzee alikwisha kupiga hatua mbili, mikono tayari kushika mgongo wa kiti. Akasimama. Akaitazama mikono yake kidogo, kisha akaitia mifukoni mwa koti.

Kijana wa lifti alichungulia nyuma ya Zulema, akachungulia kulia na kushoto. "Mama Zulema, uko na nani?"

"Na mimi."

Zulema alivuta wenzo wa pembeni, kiti chake cha skii kikainuka juu ya miguu yake ya chuma ili benchi lipate kupita chini yake. Akajisukuma mpaka kwenye mstari. Benchi la lifti likaja likizunguka, likamgonga kwa nyuma, likambeba. Kamba ya chuma ikaguna, ardhi ikamwacha, na nafasi ya pili pembeni yake ikapanda mlima bila mtu.